Sarafu ya Kilwa mfukoni

Swali: Mtu akiokota sarafu ya kale ufukweni Kilwa Kisiwani, kuna ubaya akienda nayo nyumbani?

Jibu: Upo, hata kama sarafu yenyewe haimnunulii soda. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya 1964, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Lakini hasara kubwa ni ya habari za mahali ilipookotwa. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, akazitia koponi. Hadi 1979 ndipo zilipotumwa kuchunguzwa! Bahati nzuri, alikuwa ametia alama mahali hapo kwenye ramani. Zilifikaje huko? Wataalamu bado wanabishana.

Aokotaye Kilwa aiache sarafu palepale, apige picha, kisha awaite wahifadhi.