KUJIHESABU NAFSI KATIKA ZAMA ZA FITINA

Ndugu zetu Waislamu! Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura Al-Hashr, aya ya 18, kila nafsi iangalie ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Imam Ghazali, katika Ihya, amelifananisha jambo hili na biashara: faradhi ni rasilimali, sunna ni faida, na maasi ni hasara.

Mwaka 1446 wa Hijra uliingia Julai 2024, siku chache baada ya vijana kuuawa katika maandamano na Mswada wa Fedha kuondolewa. Tangu hapo nchi yetu haikukosa makelele, uvumi na habari za watu kutekwa nyara. Katika mwaka huo sisi wa darsa tulijifunza mambo mawili. La kwanza, kuihakiki habari kabla ya kuieneza, kama tulivyoamrishwa katika Al-Hujurat, aya ya 6. La pili, kwamba kunyamaza mbele ya dhulma hakuitwi subira. Mwenye subira husema haki pasi na matusi, akastahamili yatakayofuata.

Basi kila mmoja wetu na alifungue daftari lake: ni sala ngapi zilizompita akisikiliza siasa? Na jirani yake alipodhulumiwa, alimsaidia kwa lipi? Mwenye kungoja nchi itengenee ndipo aitengeneze nafsi yake, atakufa angali akingoja.

Wabillahi tawfiq.