Mama naye aulizwe hali yake



Mwanamke anapojifungua hapa kwetu Busunzu, wageni hujaa nyumbani. Mtoto hubebwa, huombewa dua na kuulizwa jina. Mama aliyelala pembeni huambiwa hongera, basi. Ni mara chache sana nimesikia mtu akimuuliza, "Na wewe moyo wako ukoje?" Baada ya wiki chache anaonekana yuko shambani na mtoto mgongoni, kwa sababu maharage hayangoji.

Ndugu zangu Waislamu, swali hili tunalolipuuza Qur'an haikulipuuza. Tusome Sura Maryam, aya ya 23 hadi ya 26. Bibi Maryam uchungu ulimsukuma hadi kwenye shina la mtende, akatamani lau angekuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile. Je, alikemewa kwamba imani yake ni haba? La. Aliliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa maji, akapewa tende mbivu, akaamrishwa ale na anywe, na akapumzishwa kujibizana na watu. Ikiwa mwanamke aliyetukuzwa namna hiyo alifikwa na dhiki kubwa wakati wa kuzaa, kwa nini tumwone mwenzetu anayelia baada ya kujifungua kuwa ni mvivu au mkosefu wa shukrani?

Wataalamu wa afya wanatufahamisha kuwa kulia lia na kuchoka katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na aghalabu huisha ndani ya wiki mbili. Lakini hali ikizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akaacha kula, akajiona hafai, akawa hana hamu hata ya kumshika mwanawe, huo ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupata matatizo ya afya ya akili, hasa sonona. Na mama akianza kusikia sauti zisizokuwepo, au kusema atajidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Mkoa wetu una mizigo yake. Kuna umaskini, vipigo vya majumbani, na waume wanaokwenda kutafuta riziki mbali na kukaa miezi bila habari. Tena tumepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta hapa Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Wamo akina mama waliojifungua huku wametoka kuzika.

Mtoto naye hasalimiki. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wawatazame watoto wao wachanga kwa dakika chache bila kucheka wala kusema. Watoto walijaribu kumvuta mama kwa tabasamu na mikono, waliposhindwa wakageuza uso na kulia. Hizo ni dakika chache tu. Vipi kwa mtoto ambaye mama yake yuko hivyo miezi sita, si kwa kupenda bali kwa maradhi?

Wengi wetu hukimbilia kusema, "Ana majini," kisha mama hupelekwa kwa mganga na fedha za familia huishia huko. Sikatazi kusoma Qur'an na kuomba dua, hiyo ni ponya ya muumini. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na akatufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kisomo kiende pamoja na zahanati.

Tufanye nini basi? Kwanza, mume. Sura Al-Baqara aya ya 233 imemwekea baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Kuchota maji na kupasua kuni katika zile siku arobaini hakumpunguzii mume heshima. Pili, mama mkwe na majirani wakae na mzazi wamsikilize, wasimlinganishe na fulani aliyezaa kumi na hakulia. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, mjini Harare, waliofunzwa kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa. Bibi wenye busara hatuwakosi Busunzu. Tatu, maimamu walizungumze jambo hili kwenye khutba, maana wanaume ndio wanaolisikia hapo.

Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuchelea kumtaabisha mama yake. Ikiwa swala ya jamaa ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama, sisi tunashindwaje kuahirisha jembe?

Wabillahi tawfiq.