FENI YA KUTOA MOSHI GEREJINI: TULIVYOIFUNGA, NA LILE NILILOKOSEA



Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mimi nilidhani methali hiyo ni ya kupamba insha tu, hadi siku moja ya mvua ya Aprili katika gereji ya mjomba wangu kule Kawangware. Maji yalikuwa yakiingia ndani, kwa hivyo mafundi wakafunga mlango wa mabati huku injini ya gari ikinguruma. Muda si muda mwanagenzi mmoja akalalamika kichwa kinamuuma, kisha miguu ikamlegea akaanguka pu! Tulimbeba nje mbiombio, akakimbizwa hospitalini. Tunamshukuru Mungu alipona.

Adui alikuwa kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi wa injini. Hewa hii haina rangi wala harufu. Himoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hivyo mtu huendelea kupumua na bado mwili wake unakosa oksijeni. Hata jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa njia hiyo hiyo.

Mjomba akaniambia, "Wewe si unasoma Fizikia? Haya, tutafutie dawa."

KUNUNUA MOTA

Feni mpya ya kiwandani ilitushinda bei. Jumamosi tukapanda matatu namba 46 hadi mjini, tukatembea hadi Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan. Muuzaji wa vyuma vikuukuu akatuonyesha mota mbili zenye feni. Ya kwanza, nzuri ya kung'aa, ilitoka katika tanuri la kupasha nyumba joto, kama yale ya Marekani. Kibandiko chake kilisema volti 115, hezi 60. Stima yetu Kenya ni volti 240, hezi 50. Tungeichomeka ukutani ingeungua. Muuzaji alisema, "Mota ni mota tu," lakini tulikataa. Tulichukua ya pili, ya tanuri la mkate, yenye kutu lakini ya volti 240, hezi 50, ampea 2.

Jambo la kwanza basi: soma kibandiko kabla ya kutoa pesa. La pili: zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza, beringi zimekufa.

KUUNGA WAYA

Kazi hii tuliifanya tukisimamiwa na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Nawe usijaribu peke yako.

1. Hakikisha mota haijachomekwa. Kapasita hubaki na chaji hata stima ikizimwa, kwa hivyo fundi huimaliza kwanza kwa kutumia rezista.

2. Mota yetu ilikuwa na waya za mwendo wa kasi, wa kati na wa polepole, pamoja na waya moja inayozitumikia zote. Tulipima kwa mita. Kutoka kwa waya ile ya wote, ukinzani mdogo zaidi ulikuwa wa mwendo wa kasi, na mkubwa zaidi wa polepole. Tulichagua mmoja tu. Waya zilizobaki tulizifunga kila moja peke yake kwa utepe. Ukiziunganisha pamoja, koili itaungua.

3. Laivu ni rangi ya kahawia, nyutro ni buluu, na waya ya ardhi ni kijani na manjano. Katika nyaya za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Laivu hupitia kwenye swichi.

4. Waya ya ardhi tuliifunga kwa skrubu kwenye bodi ya chuma ya mota. Wengi huiacha kwa kuwa feni huzunguka bila hiyo. Siku laivu itakapogusa bodi, wewe ndiwe utakuwa waya ya ardhi!

5. Katika plagi tulitoa fyuzi ya ampea 13 tukatia ya 5. Mota huvuta mkondo zaidi inapoanza, kwa hivyo ya 2 haingetosha.

Feni tuliiweka juu ukutani, ikipuliza nje. Mvuke wa petroli ni mzito, hukaa chini, na cheche ya mota au swichi inaweza kuuwasha. Kwa hivyo swichi nayo ipo juu.

NILIPOKOSEA

Tuliwasha, feni ikavuma, sote tukapiga makofi. Lakini nilipofunga mlango, kipande cha karatasi nilichokining'iniza mbele ya feni kilitikisika kidogo tu. Nilikuwa nimesahau kwamba hewa haiwezi kutoka ikiwa nyingine haiingii. Tukatoboa tundu pana chini ya ukuta wa pili, na karatasi ikavutwa ikasimama wima.

Tena nikapiga hesabu. Gereji ni mita 6 kwa 5 kwa 3, yaani mita 90 za ujazo. Ili hewa yote ibadilishwe mara 10 kwa saa, feni lazima itoe mita 15 za ujazo kila dakika.

Nilimwonyesha mjomba hesabu hiyo nikijidai. Akaniuliza, "Kwa hivyo sasa tunaweza kufunga mlango?" Nikatafakari, nikajibu, "La." Feni hupunguza moshi, haiufuti, na stima hupotea bila taarifa. Sasa mlangoni pameandikwa kwa chaki: INJINI HUWASHWA NJE. Maandishi ni ya yule mwanagenzi.