Upepo wa Ziwa Usikuchoshe: Funga Mzigo Hivi

Ulaya kuna baiskeli za mizigo zilizoundwa kwa nyuzi za kaboni. Kaboni inapunguza uzito tu. Kinachopasua upepo ni umbo. Na umbo unaweza kulitengeneza mwenyewe hapa Baraka, kwa kamba na turubai.

Shika hesabu moja. Ukienda kilomita 10 kwa saa, na upepo wa kilomita 20 unakupiga usoni, hewa inakuzuia mara 9 zaidi kuliko siku iliyotulia. Kwa hiyo fanya hivi:

Punguza upana. Gunia la makaa lilaze kwa urefu wa baiskeli, lisikae kikingamo. Lisizidi mabega yako. Mwili wako umeshapasua upepo. Mzigo ujifiche nyuma yake.

Geuza bidoni. Bidoni la mawese la lita 20 lina upande mpana na upande mwembamba. Mwembamba uelekee mbele. Funga moja kila upande, chini, usawa wa ekseli. Kila moja lina kama kilo 18. Yakikaa juu, upepo wa ubavuni utakuangusha.

Kaza turubai. Kona moja inayopepea inakula nguvu zako njia nzima. Izungushie mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani, mpaka isitikisike.

Fuata umbo la samaki mgebuka. Mbele mviringo, nyuma pembamba. Vifurushi vikubwa vitangulie, vidogo vikae mkiani.

Pima kwa uzi. Funga vipande vifupi vya uzi nyuma ya mzigo, mwenzako akufuate akiangalia. Uzi ukilala, hewa inapita vizuri. Ukirukaruka, hapo pana kona au pengo. Ziba, kisha ujaribu tena.

Chagua saa. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unatawala Ziwa Tanganyika. Ukitoka Uvira au Mboko kuja Baraka, unakutana nao. Ondoka alfajiri. Ukiweza, mzigo mkubwa uwe wa kwenda kaskazini.

Ukipanda Fizi, badili mpango. Mlimani unakwenda polepole, kwa hiyo adui si upepo tena, ni uzito. Punguza kilo, au shuka usukume. Na kabla ya kuteremka, kagua freni.

Kaboni ni ghali. Kamba ni faranga chache. Anza na kamba.