Je, Wataka Kuwa Rubani wa Jeshi? Usingoje Tangazo

Kila ndege inapopita juu ya paredi yetu ya asubuhi, safu zote huvurugika. Hata viranja hutazama juu. Na ukiwauliza wenzetu wa kidato cha kwanza wanataka kuwa nani, hukosi watatu au wanne watakaokujibu, "Rubani wa jeshi." Nia ni njema kabisa. Lakini ukiwauliza wamefanya nini kuhusu nia hiyo, watakwambia, "Nangoja tangazo." Hapo ndipo kosa lilipo, maana tangazo likitoka, wakati wa kujitayarisha huwa umeshapita.

Kwanza tuondoe dhana moja. Ile siku ya kuandikisha makurutu uwanjani, vijana wakikimbia na kukaguliwa meno mbele ya umati, si mlango wa marubani. Rubani wa Jeshi la Wanahewa ni afisa. Anayeomba huomba nafasi ya kadeti, na ombi hilo lina tangazo lake. Akichaguliwa hupelekwa Chuo cha Kijeshi cha Kenya kule Lanet, Nakuru, na akihitimu hupewa cheo cha luteni wa pili. Kwanza mtu afanywe afisa, ndipo afanywe rubani. Kwa hivyo anayekwenda kwenye mahojiano akiongea ndege tu, na hajui lolote la kuongoza watu, amekosea njia tangu mwanzo. Ukapteni wa timu ya hoki au uenyekiti wa chama hiki chetu si mchezo. Ni mahali pa kujifunza kutoa amri bila kuchukiwa.

Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka Mkenya wa umri wa miaka 18 hadi 26, asiye na rekodi ya jinai, mwenye wastani wa B katika KCSE na angalau C+ katika Hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi. Urefu usipungue mita 1.60, uzito kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Masharti huweza kubadilika, basi soma tangazo la mwaka wako. Lakini elewa kwamba hiyo B ni ya kukufikisha mlangoni tu. Wenye B ni wengi mno, na nafasi ni chache. Swali ni hili: wewe una nini zaidi yao?

Jibu langu ni Hisabati na Fizikia ambazo unaweza kuzitumia bila kikokotoo. Chukua mfano. Kutoka hapa Kakamega mpaka Nanyuki, ilipo kambi ya wanahewa ya Laikipia, ni kama kilomita 260 kwa mstari ulionyooka. Tuseme una ndege ndogo inayokwenda kilomita 240 kwa saa na kutumia lita 60 za mafuta kila saa. Bila upepo utafika baada ya saa 1 na dakika 5, na utatumia lita 65. Sasa upepo wa mashariki ukivuma kilomita 40 kwa saa, unakupiga usoni. Mwendo wako juu ya ardhi umekuwa 200. Safari ni saa 1 na dakika 18, na mafuta ni lita 78. Aliyeweka lita 70 hafiki! Hilo ni swali la kidato cha pili, wala si zaidi. Tofauti ni kwamba darasani ukilikosa unapata alama ya mkasi, na kule juu hakuna wa kukusahihishia.

Mfano mwingine u hapa hapa nyumbani. Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni hafifu kuliko ya Mombasa. Mbawa hubebwa na hewa. Hewa ikiwa hafifu, ndege hiyo hiyo yenye mzigo ule ule itahitaji kukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Jua kali likiongezeka, hewa huzidi kuwa hafifu. Nayo mawingu yetu ya saa tisa alasiri, yale meusi yanayopanda kama uyoga juu ya msitu na kutuletea mvua ya mawe, rubani huyakwepa kwa mbali. Nani basi alisema Jiografia ni somo la kukariri?

Kiingereza nacho hakikwepeki, ingawa najua katibu wa chama ataninunia. Marubani wa mataifa mbalimbali huongea kwa redio kwa lugha hiyo. Tena wana namna yao: tisa huitwa "niner", kwa sababu "five" na "nine" hukanganya redio inapokwaruza. Tano na tisa zetu zisingekuwa na taabu hiyo, lakini hatukuulizwa.

Tuje kwenye macho. Taa ya ncha ya bawa la kushoto la ndege ni nyekundu, ya bawa la kulia ni kijani, na ya mkiani ni nyeupe. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kujua ndege iliyo mbele yake usiku inakuja au inakwenda. Upofu huu wa rangi mtu huzaliwa nao, huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na wengi hawajui kama wanao. Nenda kliniki ya macho upimwe sasa, ukiwa kidato cha pili, usije ukaambiwa baada ya miaka mitano ya ndoto. Na masikio, jamani, tuache kuyachokoa kwa njiti za kiberiti. Kuhusu mazoezi sina mengi: milima ya kwetu ipo, kimbia.

Sasa neno gumu. Mzee mmoja jirani yetu aliuza ng'ombe wawili akampa mtu aliyedai "anajua mkubwa" jeshini. Kijana alipewa barua yenye mhuri. Ilikuwa bandia, na mtu yule simu yake haikupatikana tena. Huyo alibahatika, kwani wapo vijana waliofika na barua za namna hiyo mpaka kwenye lango la chuo cha makurutu Eldoret wakatiwa mbaroni. Kuingia jeshini hakulipiwi. Anayelipa hupoteza ng'ombe, kisha hupata ile rekodi ya jinai inayomfungia mlango daima.

Mama zetu nao huuliza, "Na ikianguka?" Swali hili tusilicheke. Jenerali Francis Ogolla, mtu wa Siaya hapo jirani, aliingia jeshini mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya jaribio la mapinduzi lililowachafulia wanahewa jina. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na wanahewa wa Marekani, akawa mkufunzi, akaongoza Jeshi la Wanahewa tangu 2018, na mwaka 2023 akawa Mkuu wa Majeshi. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta iliyombeba ilianguka Elgeyo Marakwet, akafa pamoja na wenzake tisa. Mwezi uliofuata Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuongoza wanahewa, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Wasichana wa shule yetu wasiseme hawakuambiwa.

Mwisho, zoezi. Umesimama uwanjani usiku. Mbele yako angani unaona taa nyekundu upande wako wa kulia na ya kijani upande wako wa kushoto. Je, ndege hiyo inakujia au inakukimbia? Na ukirudi kutoka Nanyuki kwa ndege ile ile, upepo ule ule ukikusukuma mgongoni, utatumia lita ngapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi pamoja na njia ya kuyapata, yapelekwe kwa katibu kabla ya kufunga shule.