NENO "JUMLA" NA KAZI YA PAMOJA

Neno "jumla" unalijua. Ukienda Darajani kununua mchele, muuzaji hukuuliza: unataka kwa jumla au kwa rejareja? Jumla ni vitu vyote pamoja. Lakini je, unajua kuwa neno hili ni jina la chombo cha kazi kinachotumika katika nchi nyingi? Katika somo hili tutaona limefikaje huko. Tutaona pia sisi wa Unguja tuna sehemu gani katika kazi hiyo.

TOVUTI NI NINI?

Tovuti ni mahali katika intaneti ambapo mtu au kikundi huweka habari zake. Ni kama ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi ya sheha. Ubao wa sheha husomwa na wapita njia. Tovuti husomwa na mtu wa Chake Chake, wa Maskati au wa London, madhali ana simu au kompyuta yenye intaneti.

Ili kujenga tovuti unahitaji programu. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Zamani aliyetaka tovuti ilimbidi aandike maagizo hayo yote mwenyewe. Siku hizi ziko programu zilizo tayari. Wewe unaandika habari zako na kuweka picha zako, programu inapanga ukurasa. Programu moja ya namna hiyo inaitwa Joomla. Nyingine ni WordPress na Drupal.

JINA LILIPATIKANAJE?

Kabla ya mwaka 2005 kulikuwa na programu iliyoitwa Mambo. Jina hilo lilikuwa mali ya kampuni moja ya Australia. Lakini waliokuwa wakiitengeneza ni watu wa nchi mbalimbali, na wengi wao walijitolea tu. Mwezi wa Agosti 2005 ulitokea ugomvi. Kilikuwa kimeundwa chombo kipya cha kuisimamia programu. Watengenezaji waliona kuwa chombo hicho hakikuwapa sauti ya kutosha katika kazi yao wenyewe. Basi wakaondoka.

Waliweza vipi kuondoka bila ya kupoteza kazi yao? Sababu ni hii. Programu ile ilitolewa kwa leseni huria. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuitumia, kuangalia ilivyotengenezwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Anayeigawa lazima awape wenzake ruhusa hiyohiyo. Kwa hiyo jina lilibaki kwa kampuni, lakini kazi waliweza kuichukua na kuiendeleza.

Tarehe 1 Septemba 2005 walitangaza jina jipya: Joomla. Ni neno letu "jumla", limeandikwa kwa namna ambayo msomaji wa Kiingereza ataweza kulitamka. Mwezi huohuo walitoa programu yao ya kwanza. Hata baadaye waliendelea kuchota Kiswahili. Toleo la 4, lililotoka Agosti 2021, lilipewa jina la Furaha. Matoleo mawili ya mwaka 2022 yaliitwa Kuamini na Uaminifu.

JE, JINA LINATOSHA?

Ndugu msomaji, tusifurahie jina tu. Fikiri nyumba ya udongo inapokandikwa kijijini. Mmoja analeta fito, mwingine anachota maji, mwingine anakanda udongo, mwingine anapika. Asiyeleta kitu wala kushika kitu hawezi kusema "tumejenga", hata kama nyumba imepewa jina la babu yake.

Jumuiya ya programu huria iko hivyohivyo. Watu wake hawaonani, lakini huzungumza kwa kuandikiana katika intaneti, kama watu wa barazani Mji Mkongwe. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Kuna njia nyingi za kushiriki:

1. Kuitumia programu na kueleza kasoro ulizoziona.
2. Kumjibu mgeni anayeuliza jambo unalolijua.
3. Kuwafundisha wenzako kijijini.
4. Kutafsiri maneno ya programu.

Hiyo ya nne inatuhusu sana. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi ndio wenye lugha. Tuseme unataka kuiambia kompyuta itunze ulichoandika. Tuandike "hifadhi" au "weka akiba"? Mama wa Makunduchi ataelewa lipi mara moja? Jambo hili halihitaji fundi wa kompyuta. Linahitaji mtu anayejua kusoma na anayejua lugha ya watu wake, na mtu huyo ni wewe. Tukinyamaza, wengine watatuchagulia. Halafu maneno yatakuwepo, lakini mama zetu hawatayafahamu.

TAHADHARI

Programu hizi ni bure, lakini tovuti si bure moja kwa moja. Kwa kawaida mahali pa kuiweka na jina lake hulipiwa kila mwaka. Kama ushirika wenu wa mwani unataka tovuti, kwanza kubalianeni nani atalipa na nani ataandika habari mpya. Neno la siri lisijulikane na kila mtu, lakini pia lisijulikane na mtu mmoja tu. Akihama au akifariki, tovuti itafungika.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hiyo ndiyo maana ya jumla.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini watengenezaji wa mwaka 2005 waliacha jina lakini hawakupoteza kazi yao?
2. Kikundi chenu kingekuwa na tovuti, mngeandika habari gani kwanza?
3. Tafuteni maneno matatu ya simu ambayo wazee wa kijiji chenu hawayaelewi. Mngependekeza maneno gani badala yake?