SHABAHA MPYA KATIKA VITA VYA KIFUA KIKUU

Bila shaka wengi wenu mmepata kusikia watu wakisema, "Dawa hii siku hizi haifanyi kazi." Neno hilo si uvumi mtupu. Wako bakteria ambao dawa zilizokuwa zikiwaua zamani sasa haziwadhuru. Hali hiyo huitwa usugu. Nataka kueleza jinsi wataalamu watafutavyo dawa mpya za kuwaua bakteria hao. Mfano wangu ni kifua kikuu, maana ugonjwa huo huenea kwa hewa, na sisi wa mabwenini twalala wengi chumba kimoja.

1. Shabaha ni nini?

Mwindaji hatupi mshale ovyo; hulenga mahali patakapomwua mnyama. Dawa nayo ni hivyo hivyo. Ndani ya bakteria kuna kitu ambacho dawa hukishika na kukizuia kufanya kazi yake. Kitu hicho ndicho shabaha ya dawa. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, humzuia bakteria kujenga ukuta wake. Streptomaisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943, hushika ribosomu, yaani mahali protini zinapotengenezwa.

Shabaha nzuri yapasa kuwa na sifa mbili. Kwanza, iwe ni kitu ambacho bakteria hawezi kuishi bila hicho. Pili, mwanadamu asiwe nacho, au chake kiwe tofauti, ili dawa isimdhuru mgonjwa. Seli zetu hazina ukuta. Ndiyo sababu penisilini humwua bakteria na kumwacha mtu salama, isipokuwa wale wachache ambao miili yao huikataa.

2. Usugu hutokeaje?

Bakteria wanapozaana, mara moja moja hutokea kosa dogo katika kunakili jeni. Kosa hilo laweza kubadili umbo la shabaha, hata dawa isipate pa kushika. Mgonjwa akinywa dawa hiyo, bakteria wengine hufa, lakini huyo mmoja hubaki, akazaa wengi walio kama yeye.

Jambo hili lilionekana mapema. Katika jaribio la streptomaisini lililofanywa Uingereza, ambalo habari zake zilitolewa mwaka 1948, wagonjwa wengi walipata nafuu mwanzoni, kisha bakteria wao wakawa sugu. Basi wagonjwa wakaanza kupewa dawa kadhaa kwa pamoja, ili bakteria aliyeponyoka dawa ya kwanza auawe na ya pili. Nchi zetu zilichangia elimu hiyo. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1972, yalionyesha kuwa tiba iliyochukua miezi 18 yaweza kumalizika kwa miezi 6.

Lakini si kila mgonjwa aliyemaliza dawa zake. Wakatokea bakteria wasiouawa na isoniazidi wala rifampisini, ambazo ndizo nguzo za tiba. Mgonjwa wa namna hiyo alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, akidungwa sindano kwa miezi mingi, na wengine sindano hizo ziliwatia uziwi.

3. Shabaha mpya ilivyopatikana

Wataalamu walioongozwa na Koen Andries wa Ubelgiji hawakuanza kwa kuchagua shabaha. Walichukua kemikali nyingi wakazijaribu kwa bakteria aitwaye Mycobacterium smegmatis, ndugu wa yule wa kifua kikuu. Kwa nini ndugu yake? Kwa sababu bakteria wa kifua kikuu ni hatari, tena hugawanyika mara moja tu kwa siku nzima hivi, lakini huyu hugawanyika kila baada ya saa 3 hivi, wala si kawaida yake kumdhuru mtu mwenye afya. Wakaona jamii moja ya kemikali iliyomwua vizuri. Mojawapo ndiyo iliyokuja kuitwa bedakwilini.

Likabaki swali: je, kemikali hii hupiga wapi? Hapa ndipo penye busara. Waliwatafuta bakteria wachache walioweza kuishi ndani ya dawa hiyo, wakasoma jeni zao, wakazilinganisha na za wenzao wa kawaida. Tofauti ikaonekana katika jeni moja, iitwayo atpE. Basi adui mwenyewe akawa amewaonyesha mahali anapoumizwa!

Jeni hiyo ni ya kutengenezea sehemu ya kimeng'enya kiitwacho ATP sinthesi. ATP ni kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Kimeng'enya hicho kina gurudumu lizungukalo kwa kusukumwa na protoni, kama vile maji ya bwawa la Kidatu yazungushavyo mitambo ya umeme. Bedakwilini hulishika gurudumu hilo lisizunguke. Nishati hukatika, bakteria hufa. Hata yule aliyelala tu bila kuzaana, maana naye hana budi kupata nishati kidogo. Sisi pia tunacho kimeng'enya kama hicho, lakini chetu kimetofautiana na chake kiasi cha kutodhurika kwa urahisi.

Habari hizi zilichapishwa mwaka 2005, na Desemba 2012 Marekani iliruhusu dawa hiyo itumike. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 40 bila kupatikana dawa ya kifua kikuu yenye shabaha mpya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu watibiwe kwa vidonge kwa miezi 6, pasipo sindano, na bedakwilini ni mojawapo ya dawa hizo.

4. Je, vita vimekwisha?

La, havijakwisha. Bakteria sugu kwa bedakwilini wamekwisha kuonekana. Wengine shabaha yao haikubadilika hata kidogo, ila wana pampu inayoitoa dawa nje, kama mvuvi achotaye maji katika mtumbwi unaovuja. Kwa hiyo shabaha nyingine bado zatafutwa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Dawa za zamani bado huwaponya wagonjwa walio wengi, na yafaa tuzitunze. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende akapimwe. Aliyepewa dawa azimalize, hata akijiona mzima, na wazazi wetu wamkumbushe. Tabia ya kugawana vidonge bwenini, kila mtu akimeza viwili vitatu, ni kumfundisha adui namna ya kuponyoka. Miaka 40 ni umri wa mtu mzima. Tukiipoteza dawa moja kwa uzembe wetu, nyingine haipatikani kesho.

Mwanafunzi, Kidato cha IV